Kipande Kimoja Tu

Buyu la asali haliishi kwa kukombwa siku moja. Huisha kwa vidole: huyu kachovya, yule kachovya, na kila mmoja akaapa kwamba alionja tu. Ndivyo jamaa za Fundi Viatu walivyomharibia mzee wao maisha, nao walifanya hivyo kwa mapenzi.

Fundi Viatu aliketi kwenye kigoda chake cha kazi tangu ujana hadi mvi zikamjaa. Kigoda kilimlisha na kuwasomesha wanawe wawili, lakini kilimwachia magoti mabovu na tumbo kubwa. "Tumbo hili ni mtoto wangu wa tatu," aliwatania wateja, "tena ndiye pekee asiyenijibu vibaya." Wateja walivunjika mbavu. Mkewe hakucheka, kwa maana ndiye aliyemshika kwapani kila alfajiri na kumkokota hadi msalani, mgongo wake mwenyewe ukimuuma kama umepigwa rungu.

Mwaka huo tumaini lilichomoza. Daktari bingwa wa mifupa, aliyefika katika hospitali yao mara moja tu kwa mwaka, alikubali kumpasua magoti baada ya sikukuu. Alitoa sharti moja: uzito wa mzee usizidi kilo mia, kwa kuwa moyo wake haungehimili dawa ya usingizi. Mkewe akajifunga kibwebwe. Kwa miezi kadhaa alimpikia mboga za kuchemsha, akaficha sukari, akavumilia kununiwa na mtu mwenye njaa. Sikukuu zilipokaribia, mshale wa mizani ulisimama chini kidogo ya mia.

"Hongera, mzee," muuguzi alisema. "Sasa hatukuombi upungue, tunakuomba usiongezeke. Sikukuu ndizo zinazotuharibia wagonjwa."

"Kwani mimi mtoto mdogo?" Fundi alijibu huku akicheka.

Wageni wakawasili. Mwana mkubwa, dereva wa lori, aliteremsha kreti za soda na paja zima la mbuzi. Binti, mwoka keki, alikuja na maboksi yaliyonukia hadi barabarani. Nyuma yao aliingia shangazi yao, dada yake Fundi, mwenye ulimi mkali kama wembe. Mama aliwakusanya jikoni akawaeleza habari ya mizani. Wote watatu wakatikisa vichwa kama mijusi ukutani.

Lakini Fundi aliijua mioyo ya watu wake kama alivyojua soli za viatu. Alimvizia binti yake peke yake sebuleni.

"Mwanangu, umeoka keki baba yako asiionje? Na nisipoamka kwenye hiyo meza ya upasuaji, je?"

Binti alitazama mlango, akakata. "Kipande kimoja tu, baba. Mama asijue."

Kwa mwanawe dereva alikwenda na mzaha, huko nyuma ya nyumba nyama ilikochomwa, akarudi ameshakula mishikaki. Kwa dada yake hakuhitaji hata kufungua kinywa. Shangazi alimpitishia karanga za sukari chini ya mtandio kila alipopita. Siku zikasonga hivyo. Kila mmoja aliamini kwamba siri ile ni yake peke yake, na kwamba kidogo hakidhuru.

Mama aliviona vifungo vya shati la mumewe vikianza kulalamika. Jioni moja, mezani mbele ya watu, alimwondolea mzee sahani iliyojaa nyama.

"Wifi, utamuua ndugu yangu kwa njaa!" shangazi alifoka. "Hata mfungwa siku ya sikukuu hula akashiba."

"Kwa kweli unazidi, mama," dereva aliongeza. "Mtu mzima unamnyang'anya sahani?"

Mama alimtazama mumewe, akitaraji aseme neno moja la kumtetea. Fundi aliinamisha kichwa kama yatima, akanyamaza.

Ukimya ule ulimchoma kuliko matusi. Siku ya mwisho ya sikukuu alichoka kuitwa katili. Alikaanga viazi na nyama, akamwandalia kwa mikono yake mwenyewe.

"Haya, kula. Nisije nikaambiwa nimekuua."

Fundi alikula hadi akalamba vidole, akamtazama mkewe kwa tabasamu ambalo mama hakuwa ameliona tangu zamani. Naye, masikini, akafurahi.

Wageni walirudi makwao, na siku ya hospitali ikafika. Mshale ulipita mia, ukaendelea. Muuguzi alimvua mzee koti, viatu na mkanda. Mshale haukumwonea huruma.

"Daktari, ni kilo chache tu," mama alisihi, mikono ameikunja kifuani.

"Mama, moyo wake hauzijui chache. Nikimlaza pale, huenda asiamke. Mwakani, Mungu akipenda."

Mgonjwa mwingine aliyekuwa benchini aliitwa kushika nafasi ile. Fundi alimtazama akiingia, machozi yakimtiririka bila sauti.

Usiku huo mama aliwapigia simu mmoja baada ya mwingine. Binti alilia: kilikuwa kipande kimoja tu. Dereva aliapa kwamba ilikuwa mishikaki miwili mitatu. Shangazi alikuwa mkali. "Usinitupie mimi, wifi. Wewe ndiye unayeishi naye!" Mama alifungua kinywa amtukane, kisha akaikumbuka ile sahani ya viazi, akakata simu.

Mwakani ilikuwa mbali. Kabla haijafika, Fundi aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani. Daktari bingwa aliporejea, aliipapasa ile miguu iliyokwisha kukonda na kukakamaa, akatikisa kichwa: kisu hakikuwa na kazi tena pale. Jamaa wanapopiga simu humpa mzee pole nyingi. Kumgeuza kitandani ili ubavu usioze ni kazi ya mkewe, naye humgeuza peke yake, asubuhi na jioni, wala hakuna kati ya wawili hao anayemlaumu mwenziwe. Watamlaumu nani, ilhali kila mkono ulitia kidole? Ama kweli, chovya chovya humaliza buyu la asali.