Shule Iliyoomba Mwalimu wa Hisabati

Ipo shule moja ya sekondari, ndugu zangu. Msiitafute kwenye ramani, maana nimeijenga mimi mwenyewe wiki hii, nikitafuta namna ya kuwaambia jambo ambalo hata mimi linanisumbua.

Shule hiyo ilikuwa na uongozi ambao mzazi yeyote angeufurahia. Siku ya kikao cha wazazi mkuu wa shule, mama wa makamo asiyehitaji kipaza sauti, alikuwa akisimama na kuwatambulisha wenzake. "Huyu ni makamu wangu. Ni mwalimu wa Hisabati, amefundisha miaka kumi na minne, na wanafunzi wake wengine leo ni wahandisi. Yule pale ni mwalimu wa taaluma, anayepanga ratiba na kusimamia mitihani. Naye ni wa Hisabati. Msimwone na upara huo, nilimfundisha mimi kidato cha tatu!" Watu wanacheka. "Na mimi mnayeniona, kabla ya kukalia kiti hiki nimekula vumbi la chaki miaka tisa. Hisabati hiyo hiyo." Makofi.

Sasa sikilizeni ajabu. Shule hiyo, yenye uongozi huo, haikuwa na mwalimu wa Hisabati.

Aliyekuwapo alikwenda masomoni mwezi wa kwanza, na kidato cha nne wakabaki wanautazama ubao. Mtihani wa taifa ni Novemba. Kipindi cha Hisabati kikifika, walifungua madaftari ya mwaka uliopita na kunakili upya yale yale, ili mkono usikae bure. Kiranja wa darasa lile alikuwa binti aliyetaka kusomea upimaji wa ardhi, na upimaji bila Hisabati hakuna. Kila Jumatatu alibisha hodi ofisini kwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, mwalimu. Tumepata?"

"Marahaba. Bado, mwanangu. Tumeandika barua."

Jumatatu nyingine tena:

"Shikamoo, mwalimu. Wamejibu?"

"Marahaba. Vumilieni. Tunaendelea kuomba."

Na kweli walikuwa wakiomba. Barua tatu zilikwenda wilayani. Na asubuhi mstarini, kabla ya usafi, shule nzima iliinamisha vichwa: Ee Mungu, tuletee mwalimu. Je, kuna ubaya hapo? Hakuna. Wangapi kati yetu tumeomba kwa bidii kama ile?

Ikafika Jumatatu moja ya mwezi wa tano, binti hakuja. Mama mkuu akangoja mpaka saa nne. Akamuuliza mwalimu wa zamu, "Yule kiranja wa kidato cha nne anaumwa?"

"Hapana, mama. Yupo darasani, mzima kabisa."

Haumwi. Ameacha tu kuuliza.

Mama mkuu hakumaliza hata chai yake. Aliita pikipiki akaenda wilayani, akaingia kwa afisa elimu na vumbi lake hivyo hivyo.

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuchukua mwalimu wangu wa Hisabati."

Afisa akacheka kidogo. "Unaongea kama umemwacha stendi. Mama, mwalimu wa kukupa sina. Na hata ningekuwa naye nisingekupa wewe. Kuna shule huko juu milimani haina hata mmoja. Wewe unao watatu."

"Watatu? Mimi? Mimi sina hata wa dawa!"

Afisa akafungua kabati, akatoa ikama, yaani ile fomu ambayo kila shule huandika majina ya walimu wake na masomo wanayofundisha. Akaigeuza, akaisukuma mbele yake.

"Hii saini ya nani?"

"Yangu."

"Basi nisomee, maana leo nimesahau miwani."

Mama akasoma. Mkuu wa shule: Hisabati. Makamu mkuu wa shule: Hisabati. Mwalimu wa taaluma: Hisabati. Mwandiko wake mwenyewe, umenyooka, na muhuri juu yake. Akaanza kucheka, akidhani amepata mahali kosa lilipo.

"Ah, afisa, hawa usiwahesabu. Hawa si walimu. Hawa ni uongozi."

Afisa hakucheka. "Umesema wewe, mama," akamwambia taratibu. "Mimi sijasema."

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wetu tungependa kuwanyoshea kidole. Ngojeni kwanza. Mnadhani walikuwa wavivu? Mama yule alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri. Pampu ya maji imeharibika, anatafutwa yeye. Mpishi kagoma, yeye. Mzazi amekuja na hasira, mkaguzi amekuja bila taarifa, taarifa ya robo mwaka inatakiwa jana: yeye, yeye, yeye. Makamu kwa siku nzima alikuwa anapatanisha watu. Mwalimu wa taaluma ratiba yake ilikuwa imepangwa vizuri mno, hata vipindi visivyo na mwalimu vilikuwa na rangi yavyo. Watu hawa walichoka kila jioni kwa haki. Kazi zote walizofanya zilikuwa kazi za lazima. Hakuna siku hata moja waliyoamua kuacha kufundisha. Kipindi kimoja kilihamishiwa kwa mwingine, kikafuata cha pili, mpaka ikapita miaka saba, na kwenye ile fomu neno 'Hisabati' likabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta.

Mama mkuu aliporudi shuleni aliwaita wenzake wawili, akafunga mlango, akawaeleza. Makamu akapata suluhisho mara moja.

"Ni rahisi, mama. Tujifute. Fomu ijayo tuandike 'utawala', basi. Wakiona sifuri watatuletea mtu."

"Sawa kabisa," akasema mwalimu wa taaluma. "Hata mimi nikiingia darasani, ratiba nani ataishika?"

Mama akavuta fomu mpya, akachukua kalamu. Akaandika jina lake. Pale kwenye somo, kalamu ikasimama.

"Siwezi," akasema. "Nikilifuta hili, mimi ni nani?"

Makamu, mtu mzima, mwenye sauti inayonyamazisha mabweni mawili kwa mpigo, akaanza kuchezea kifuniko cha kalamu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama, tuambiane ukweli. Kwangu si suala la ratiba. Mimi ninaogopa. Mwaka wa saba huu sijasimama mbele ya ubao. Juzi mwanangu aliniletea swali la Hisabati nikamwambia nina simu muhimu. Nilikwenda kusimama nje. Hakuna aliyenipigia."

Mwalimu wa taaluma akainamisha ule upara wake.

Kesho yake, kipindi cha tatu, mama mkuu aliingia kidato cha nne peke yake. Usiku uliopita alikuwa amesoma, lakini kusoma na kusimama mbele ya macho arobaini ni vitu viwili. Akachora mnara. Akachora mtu anayeutazama kutoka mbali, kisha mtu huyo anasogea mita ishirini na kuutazama tena. Mnara una urefu gani? Mstari wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda. Wa tatu ukakataa. Akafuta, akaandika, akafuta tena. Nyuma mtu akaguna. Yule binti kiranja hakuguna, alikuwa amekwisha kuiweka kalamu chini.

"Ningojeni," akasema mama mkuu, akatoka.

Wakamngoja kweli? Wasingemngoja vipi, na mtihani unakuja? Lakini waliambiana kwa macho: huyu naye amekwenda.

Mama alikuwa anakwenda ofisini kwa haraka, chaki mkononi. Akaingia, hakubisha.

"Nimekwama. Nani anakumbuka?"

Hebu mjiweke pale, ninyi mnaoongoza watu. Lini mara ya mwisho bosi wako alikuja mezani kwako akasema nimekwama? Mwalimu wa taaluma, yule aliyekuwa mwanafunzi wake, akasogeza ratiba zake pembeni. "Lete hapa, mwalimu." Miaka yote alikuwa akimwita mama. Siku ile lilimtoka hilo jina la zamani. Vichwa vitatu vikainama juu ya karatasi moja. Wakabishana, wakakosea pamoja, wakakosea tena tofauti. Ghafla makamu akaipiga meza. "Pembe! Umeiweka kileleni mwa mnara. Yeye amesimama chini, anatazama juu. Pembe ipo chini, miguuni pake!"

Zilibaki dakika nane. Wakaenda wote watatu.

Sasa ninyi mliosoma shule za bweni mnajua: uongozi wote ukiingia darasani kwa pamoja, kuna mtu anakwenda nyumbani siku hiyo. Darasa zima likasimama kama limevutwa na kamba. Binti kiranja akasema, "Shikamooni, walimu. Tumefanya nini?"

"Kaeni," akasema mama mkuu. "Hamjafanya kitu. Aliyekosea ni mimi, mstari wa tatu. Huyu makamu ameliona kosa langu, naomba awaonyeshe."

Makamu akashika chaki. Ikavunjika. Akaokota kipande, akaanza. Mwandiko ulipanda na kushuka, jasho likamtoka mgongoni, lakini mnara ukapata urefu wake. Kengele ikalia. Binti akanyosha mkono.

"Mwalimu, na kesho anaingia nani?"

Watu wazima watatu wakatazamana.

"Mimi," akasema makamu.

"Keshokutwa mimi," akasema yule wa taaluma. "Lakini mtanivumilia."

Binti akaandika siku zile kwenye jalada la daftari lake, akazipigia mstari. Msiniulize Novemba walifaulu wangapi. Sijui. Ninachojua ni kwamba tangu asubuhi ile kidato cha nne walikuwa na mwalimu, na hakuna basi lililomleta.

Na sisi je?

Baba, wewe uliyekaa pale nguzoni, usiogope, sikutaji. Watoto wako wana baba? Ukiulizwa utasema wanaye, tena utakasirika kuulizwa. Lakini yaangalie maisha ya nyumba yako kwa wiki moja. Unatoa ruhusa, unakataza, unasaini, unafunga mageti. Haya ni mambo mema na lazima mtu ayafanye. Ila inawezekana kwamba polepole, bila siku ya kuamua, umeacha kuwa baba ukawa uongozi wa nyumba. Mama, na wewe mumeo unayemwombea kila Jumatano abadilike, mara ya mwisho mmekaa mkaongea jambo lisilo na shida ndani yake ni lini? Wazee wa kanisa, wanakwaya wa zamani, walezi wa vijana: tunatambulishana vizuri sana, tunapigiana makofi. Na huku tunaomba. Bwana, wainue watu wa kuwafariji waliofiwa. Bwana, wainue watu wa kukaa na vijana wetu. Tunaomba kama watu tusiomo.

Siwalaumu, maana nimekwisha kuwaambia sababu, na sababu si uvivu. Tunaogopa. Tumekaa mbali na kazi yetu ya kwanza muda mrefu, tunajua mkono umekuwa mzito, na hatutaki waliotupigia makofi watuone tukikwama. Mungu anaijua hofu hiyo na haicheki. Lakini hajaahidi kutuma mtu mwingine ili sisi tujifiche nyuma yake.

Leo, kwenye maombi, ilikuwa imepangwa tumwombe Mungu apatikane mtu wa kumtembelea Mama Nakijwa, ambaye miguu haimruhusu tena kufika hapa. Ombi hilo nimeliondoa. Mimi ni mchungaji wake, na sijakanyaga kwake tangu Pasaka. Sijui nitaanza na neno gani nikifika. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni, na ninaomba mmoja wenu anayeishi upande ule anisindikize, kwa sababu, ndugu zangu, nimeisahau njia.