Pimbi na Uziwi wa Majirani

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa na majiko yao, mikeka yao na majirani wao wa kununiana nao, palikuwa na jabali kubwa kando ya mto. Ndani ya ufa wa jabali hilo aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mwili kama kiazi, mkia hana, lakini mdomo! Mdomo wake ungetosha kijiji kizima.

Upande wa kichakani alikaa Kifaru. Upande wa mtoni alikaa Bi Kiboko. Hao wawili walikua pamoja, wakaitana kaka na dada, na kila jioni walikutana pale jabalini kunywa uji wa tangawizi na kupiga soga. Wakicheka, mawe yanatikisika. Pimbi alikaa katikati yao akiwatania, na hakuna mahali alipopapenda kuliko hapo.

Siku moja Bi Kiboko akamwoza binti yake. Ngoma zikalia, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika. Tangu siku hiyo, jabalini kimya! Kifaru haji, Bi Kiboko haji.

"Kaka Kifaru, una nini na dada yako?" Pimbi aliuliza.

"Mimi? Sina neno."

Pimbi akashuka mtoni. "Dada, una nini na kaka yako?"

"Mimi? Sina neno kabisa!" Bi Kiboko akajibu, kisha chubwi! akazama.

Hawana neno, na nyuso zimevimba kama maandazi! Wewe unayecheka hapo nyuma, usidhani sikukuona jana ulivyonuna.

Basi asubuhi moja Pimbi akamkuta Kifaru anafunga mikeka na vyungu.

"Kaka, safari ya wapi?"

"Nahama. Nakwenda ng'ambo ya vilima. Nasikia kuna majani mazuri."

"Majani?"

"Majani."

Moyo wa Pimbi ukaanguka, puu! Alitaka kusema, "Usiende, kaka." Badala yake akasema, "Basi ukiondoka niachie kile chungu kikubwa, nikifanye bafu!" Akacheka kwi! kwi! kwi! Alipofika nyuma ya kichaka hakucheka tena. Alijifuta macho.

Akakaa, akawaza. "Hawa wana maneno tele vifuani. Kila mmoja anachoogopa ni masikio ya mwenzake tu. Vyema! Masikio hayo nitayaziba mimi."

Akarudi kwa Kifaru mbio, anahema. "Kaka! Kaka! Dada Kiboko amekuwa kiziwi! Maji yamemwingia masikioni, hata radi haisikii!"

Kifaru akaangusha kamba. "Ati nini?"

"Kiziwi kabisa! Na anaona haya, hataki watu wajue. Ukikutana naye, usimtajie."

Kifaru akakuna shingo. "Mimi sina neno naye. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Watu watanionaje nikihama bila kumjulia hali?"

"Njoo jabalini alasiri. Atakuwepo."

Huyooo, Pimbi mpaka mtoni, tiki tiki tiki! "Dada! Kaka Kifaru amekuwa kiziwi! Mdudu kamwingia sikioni! Na anaona haya, usimtajie! Alasiri atakuwa jabalini."

"Maskini wee!" Bi Kiboko akatoka majini bila hata kujikung'uta.

Alasiri wakakutana. Pimbi amejibanza ndani ya ufa wake, macho mawili tu yanachungulia.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo, kaka. Habari za kwako?"

"Salama."

Hakuna aliyeshtuka. Salamu zetu hizi mnazijua: zinatoka zenyewe, hata kiziwi angezijibu.

Wakakaa. Kifaru akaangalia vilima, Bi Kiboko akaangalia mto. Nzi akapita, vuuu. Kisha Kifaru akashusha pumzi ndefu na kuanza kusema polepole, anajua hakuna wa kumsikia.

"Umeniumiza, dada. Harusi ya mtoto niliyemfundisha kutembea! Ukamwalika fisi, ukamwalika hata nyani mwizi wa mahindi, mimi hukuniletea mwaliko. Nilioga. Nilivaa kanzu mpya. Nikakaa mlangoni kumngoja mjumbe wako mpaka ngoma zikanyamaza."

Masikio ya Bi Kiboko yakachezacheza. Akageuka. Akaona heri na yeye aseme lake, maadamu mwenzake hasikii.

"Nikualike wewe? Wanaoalikwa si wageni? Nani anampelekea kaka yake mwaliko? Wewe ulikuwa mwenye shughuli! Nilikuwekea mwiko wa kupakulia pilau, nikawakataza wote wasiuguse. Kila mlango ukilia, nasema huyo kaka amekuja. Hukuja! Nikalia jikoni, watu wakadhani ni moshi wa kuni."

"Ulilia?" Kifaru akauliza.

"Nililia, kaka."

"Mimi nikadhani umenichoka."

"Na mimi nikadhani umenidharau."

Kifaru akakodoa macho. Bi Kiboko akaachama.

"Ala! Kumbe unasikia!" Kifaru akasema.

"Wewe je? Si una mdudu sikioni?"

"Nani kasema?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili kwa sauti moja: "PIIIMBIII!"

Jabali zima likatetemeka. Kifaru akaja puu! puu! puu! akaingiza pembe kwenye ufa. Bi Kiboko akaziba kwa nyuma.

"Toka hapo, mwongo wee!"

"Hongereni!" Pimbi akaita kutoka ndani. "Mmepona! Dawa yangu kali, au siyo?"

"Usitutanie! Umetufanya wajinga. Kwa nini?"

Pimbi alikuwa na uongo mwingine tayari, mtamu kuliko wa kwanza. Tena kulikuwa na kitundu pembeni, angechomoka na wasimwone mpaka kesho. Akatia mguu mmoja kitunduni. Halafu akakumbuka ile mizigo iliyofungwa kule kichakani. Akaurudisha mguu. Akatoka, akasimama mbele ya pembe ile ndefu.

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa pembe?"

"Naogopa utahama, kaka. Mkiwa hapa mnacheka, najiona nina kwetu. Mliponuniana nikabaki peke yangu, hata kula sikuona ladha. Nawapenda ninyi. Sijawahi kuwaambia, kwa sababu kutania ni rahisi zaidi." Na chozi likamdondoka mbele ya watu wazima hao, naye asilifiche.

Kifaru akaiondoa pembe polepole. "Sasa mbona hukusema asubuhi uliponiona nafunga mizigo?"

"Na ninyi mbona hamkusema tangu harusi?"

Bi Kiboko ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani, brrrfu! Kifaru akafuata, ha! ha! ha! mpaka akakaa chini.

"Haya, kaka," Bi Kiboko akasema akifuta macho, "niambie sasa, na masikio yangu ni mazima. Majani ya huko ng'ambo ni mazuri kweli?"

Kifaru akainamisha kichwa.

"Sijui majani yoyote mimi. Sitaki kuhama, dada. Sikutaka hata kidogo. Nilitaka mtu aniambie nisiende."

"Usiende!" wakamwambia wote wawili, na Pimbi ndiye aliyepaza sauti zaidi.

Na Kifaru hakwenda. Hadithi inaishia hapo jabalini, nami nawaachia ninyi neno moja: unayempenda mwambie unampenda, na aliyekuumiza mwambie amekuumiza, maana hakuna rafiki anayeweza kulijibu jambo ambalo hukumwambia.