Usukani Uliosafiri kwa Tenga

Sogeeni, na wa nyuma wapunguze kelele. Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kuamulia. Mimi naianza, ninyi mtaimaliza, na atakayesinzia katikati ndiye nitakayemuuliza wa kwanza.

Muheza, nyuma ya stendi, palikuwa na kibaraza kimoja cha bati, na chini yake watu watatu waliopanga pamoja.

Wa kwanza aliitwa Kibwana, mnunuzi wa machungwa. Kipaji chake kilikuwa mkono. Mwenye shamba alimpangia machungwa yanayong'aa mpaka ungeweza kujitazama sura, lakini Kibwana hakuyatazama. Alishika moja, akalipima uzito kiganjani, akalirudisha. "Hili ganda tu," alisema. Likipasuliwa, kweli, ganda tu.

Wa pili aliitwa Mhina, seremala wa vitanda. Kipaji chake kilikuwa jicho. Futi ya kupimia alikuwa nayo, imening'inia msumarini inakula vumbi, kwa sababu yeye alimpima mtu kwa kumtazama alivyokaa. Kitanda cha Mhina hakilii. Wenye ndoa zao hapa wananielewa, na wengine mtaelewa mkikua.

Wa tatu aliitwa Zaina, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa miguu. Cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga, miguu miwili juu ya pedali moja pana, na kwa miguu hiyo aliikimbiza sindano kwenye pindo refu, kisha akaisimamisha palepale kwenye kona ya kola, akageuza nguo, akaondoka nayo tena. Hakuwahi kukosea kona.

Mchana walikula sinia moja. Wakimaliza, Kibwana hupasua chungwa mapande matatu, na kanuni yao ilikuwa hii: anayepasua huchukua mwisho. Kwa hiyo Kibwana alipasua kwa haki kuliko hakimu.

Sasa, shemeji yake Kibwana alikuja kutoka Dar akamwachia mashine ya gemu aliyoichoka. Wakaiunganisha na runinga ndogo ya Zaina, ndani yake wakakuta mchezo wa magari ya rali. Basi! Watu wazima watatu, wenye mvi za kuhesabika, kila baada ya chakula wanagombania kidude cha kubonyeza kwa vidole. Waliopita walicheka. Wacheke, wao walikuwa na raha yao.

Siku moja likabandikwa tangazo stendi. Klabu moja ya rali kutoka Tanga, iliyojiita Vumbi Halilali, ingeleta mashindano ya mchezo uleule katika ukumbi wa mji. Kila timu ije na usukani wake na pedali zake. Vidude vya vidole marufuku. Zawadi haikuwa kombe. Ilikuwa kiti kimoja katika gari la kweli, na mafunzo ya udereva wa rali mwaka mzima. Kiti kimoja, mtu mmoja.

Na kila mmoja alikitaka, nisiwafiche. Kibwana alikuwa amekaa miaka tisa kando ya madereva wa malori ya machungwa, na hajawahi kushika usukani hata wa lori lililozimwa. Mhina alianza kuunda magari ya makopo na ndala kabla hajajua kusoma, na mpaka leo hakuwa na la kwake la kweli. Zaina hakuwahi kumwambia mtu, lakini alitaka kwenda kasi. Miaka kumi na miwili umekaa kiti kimoja, unakimbiza sindano isiyofika popote! Mimi gari najua kupanda na kushuka tu, lakini hilo nalielewa.

"Tushinde kwanza," Mhina alisema. "Mambo ya nani atakaa, tutapasua kama chungwa."

Kumbukeni neno hilo.

Ikaja kazi ya kuchagua usukani. Wakamtuma Kibwana Tanga, na jamaa akafanya jambo lililowavunja mbavu abiria wa basi zima: alichukua mashine ya gemu, akaifunga kanga, akaitia ndani ya tenga la machungwa, akaondoka nayo.

"Kaka, umeniletea matunda?" muuza duka alimuuliza.

"Nimekuletea bwana harusi," alisema Kibwana. "Mtoe bibi harusi tuone kama watasikilizana."

Muuza duka akatoa sukani tatu. Wa kwanza ulikuwa na taa nyekundu na buluu na vitufe kama mavazi ya ngoma. Kibwana akauchomeka, mashine ikanyamaza kimya. Usukani huo ulitengenezewa mashine ya aina nyingine. Angeununua kwa macho, angerudi Muheza na pambo la ukutani. Wa pili ulikubali, mwepesi, wa kuvutia, lakini ndani ulivutwa na mpira tu, na ulizunguka nusu ukagota. Kibwana akafumba macho, akaendesha gari la kwenye runinga ya duka juu ya mawe, kisha juu ya lami. Mikononi hakusikia tofauti yoyote.

"Ganda," alisema.

Wa tatu ulikuwa umetumika, umechubuka, hauna taa hata moja, na mzito. Ndani ulikuwa na mota. Kibwana akafumba macho tena. Gari lilipopita kwenye mawe, usukani ukatetemeka viganjani. Lilipoanza kuteleza, ukalegea. Liliposhika barabara, ukakaza. Muuza duka akamwambia, "Huo mbovu kwa sura, kaka, chukua ule wa taa, nitakutafutia na mashine yake." Kibwana akacheka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akautia usukani uliochubuka ndani ya tenga pamoja na pedali zake mbili, ya mafuta na ya breki, akapanda basi la kurudi.

Hiyo ni kazi ya Kibwana. Iwekeni kando.

Ikaja kazi ya kuufunga. Kwa haraka yao waliubana kwenye meza ya cherehani cha Zaina, kwani ndiyo meza pekee iliyokuwapo. Kosa la mwaka! Usukani wenye mota hauna adabu ya sindano. Kona ya kwanza tu, meza ikaanza kutembea, kopo la vifungo likamwagika, na sare ya harusi iliyokuwa ikisubiri mikono ikamwagikiwa chai.

"Mhina!" Zaina alipiga kelele. "Ondoa jini lako kwenye kazi za watu!"

Mhina alikuwa anatazama. Alimtazama Zaina akiokota vifungo, akamtazama alipokaa tena kushona: magoti yalivyokunjwa, mgongo ulivyonyooka, mikono ilivyofika mezani bila mabega kupanda. Kesho yake akachukua mbao za kitanda cha mninga zilizobaki, akaunda kiti na meza vikiwa kitu kimoja, kizito, ambacho wanaume wawili wangekibeba kwa kutukana. Usukani akauweka urefu wa meza ya cherehani. Pedali akazipigilia kwenye ubao ulioinama kidogo, zikiwa karibu karibu, pale pale miguu ya Zaina ilipozoea kukaa.

Walipoujaribu, mota ikanguruma, usukani ukakukuruka, kiti hakikusogea hata unywele. Wala hakikulia. Hiyo ni kazi ya Mhina. Nayo iwekeni kando.

Ikabaki kazi ya kuendesha. Mhina alijaribu, akakanyaga mafuta kama anapigilia msumari, akaishia mtoni. Kibwana alijaribu, akaendesha kama aliyebeba machungwa yaliyoiva, akafika salama, wa mwisho. Zaina alipokaa ilikuwa kichekesho zaidi: kwa mazoea ya cherehani alishusha miguu yote miwili kwa pamoja, mafuta na breki wakati mmoja, gari likazunguka kama pia.

"Dada, mguu mmoja, mmoja!" Kibwana alisema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Zaina akajaribu mguu mmoja, akawa mtu wa kawaida. Hakuridhika. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, wenzake wakijinyoosha mkekani, alikaa kwenye kile kiti akarudia kosa lake, lakini polepole. Akagundua kwamba mguu wa kushoto ukiigusa breki kidogo tu huku wa kulia haujaachia mafuta, pua ya gari huingia kwenye kona yenyewe, na gari halipotezi nguvu. Kumbe ni ile kola! Unaisimamisha sindano bila kuisimamisha, unageuza nguo, unaondoka. Wiki ya tatu Kibwana na Mhina waliacha kulala mchana, wakawa wanamtazama tu. Hiyo ni kazi ya Zaina.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Timu zilikuwa sita, na ya kuogopwa ilikuwa ya vijana wa Pongwe, waliokuja na usukani wa taa, na fulana za sare. Mwendeshaji wa mashindano, Bwana Mbaraka wa Vumbi Halilali, alipokiona kiti cha mninga kinaingia mlangoni aliuliza kama wamekuja kulala. Watu wakacheka. Zaina akakaa, akavua kandambili.

Sehemu ya kwanza ya barabara ilikuwa vumbi tupu, runinga yote rangi ya udongo, haionekani kona wala mti. Timu mbili zilipotelea humo. Zaina alifumba macho kama alivyofundishwa na Kibwana, akausikiliza usukani: ulipolegea alijua anaacha barabara, akarudi, ulipokaza alijua yumo. Akatoka upande wa pili, mzima.

Sehemu ya pili ilikuwa matuta, gari linaruka na kutua. Kila likitua, sukani za watu ziliruka nazo kwenye meza za plastiki. Usukani wa Pongwe uling'oka kabisa, kijana wao akaudaka hewani, akaushika kwa magoti, akaendelea. Tumpe haki yake, mwanamume yule. Kiti cha Mhina kilikaa palepale kilipowekwa.

Sehemu ya tatu ilikuwa kona moja kali kuelekea mwisho. Hapo usukani haukuwa na la kusema, na kiti hakikuwa na la kufanya. Ilibaki miguu. Zaina akashusha yote miwili. Ukumbi ukaguna, "Aah!" ukidhani amekosea. Pua ya gari ikaingia, gari likatoka, na Zaina akashinda kwa nusu sekunde.

Nusu sekunde! Bila usukani ule, vumbini ingepotea zaidi ya hiyo. Bila kiti kile, kwenye matuta ingepotea zaidi ya hiyo. Bila miguu ile, kwenye kona ingepotea zaidi ya hiyo. Msije mkaniletea hesabu, nimeshaipiga mimi.

Walikumbatiana, Zaina akalia, Mhina akalia akisema ni vumbi la mbao. Kisha Bwana Mbaraka akaleta karatasi yenye mstari mmoja wa jina.

"Gari letu linarudi Tanga baada ya alasiri," alisema. "Nani anakaa?"

Nje kila fundi alishaanza kelele zake: mafundi cherehani wanamtaja Zaina, maseremala Mhina, wa machungwa Kibwana. Bwana Mbaraka akaona isiwe tabu. "Kila mmoja aandike jina moja kwenye kikaratasi chake. Litakalorudiwa, ndilo."

Kibwana aliazima kalamu ya Bwana Mbaraka. Mhina alitoa penseli yake nene ya useremala nyuma ya sikio. Zaina alitumia chaki yake ya kushonea, kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Wakamkabidhi.

Bwana Mbaraka akafungua. Jina la Zaina, jina la Kibwana, jina la Mhina. Akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Kila mtu kajiandika mwenyewe."

"Tazama vizuri, baba," alisema Zaina.

Akatazama. Penseli ya seremala iliandika *Zaina*. Chaki ya fundi cherehani iliandika *Kibwana*. Kalamu ya wino iliandika *Mhina*.

"Dereva tungepata mwingine," Kibwana alisema, hamtazami mtu, "na usukani tungepata mwingine. Lakini bila kiti, mpaka leo tungekuwa tunaokota vifungo."

"Kiti ni mbao," alisema Mhina. "Ukikaa wewe au mimi, tunaishia mtoni. Aliyekimbia ni Zaina."

"Nilikimbia nimefumba macho," alisema Zaina. "Aliyenionesha njia ni usukani, na bila Kibwana wote tungenunua ule wa taa, mimi nikiwemo."

Mhina akataka kucheka, akashindwa. "Tulisema tutapasua kama chungwa."

Kibwana akatoa chungwa mfukoni, akalipasua mapande matatu kwa mazoea tu, akawagawia, akachukua la mwisho. Wakala wamesimama, wameridhika na wana huzuni, yote mawili kwa pamoja. Ganda likabaki mkononi, na kiti kilikuwa bado kimoja.

Nje dereva wa klabu alipiga honi. Bwana Mbaraka aliitazama ile karatasi, akawatazama wale watatu, kisha akawageukia watu ukumbini, kalamu ameinyoosha.

Sasa kalamu hiyo nakupa wewe, naam, wewe uliyekuwa unasinzia. Mstari ni mmoja. Utaandika jina la nani? Na ukishaandika, wale wawili waliobaki utawaambia nini kesho mchana, sinia likiletwa?