Fundo la Kisutu Mkiani mwa Chatu

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Sogeeni hapa. Mwenye usingizi aende akalale, mimi sirudii. Paukwa!

Pakawa. Pakawa ghala, ghalani mtama, juu ya mtama chatu amejikunja, na nje panya anameza mate.

Hapo kale, kale ya kweli, wanyama na watu wakisemezana na kusutana kama majirani, palikuwa na mjane aitwaye Mwatumu. Alikuwa na mtoto mmoja, Mishi, aliyeachishwa ziwa juzi tu, chakula chake uji wa mtama asubuhi na jioni. Tena alikuwa na chatu wa kufuga. Chatu huyo aliitwa Mkufu, kwa sababu marehemu mume alikuwa akimvaa shingoni akienda barazani kutisha watu.

Mkufu alilala ghalani, na kazi yake ilikuwa panya. Kwa ajili yake Mwatumu alikuwa na mtama hata miezi ile ambayo nyumba nyingine zinachemsha majani.

Waliofuga chatu walikuwa na desturi yao. Hufungui mlango wa ghala kabla hujapiga makofi matatu, pa, pa, pa, ukangoja chatu ajivute kutoka kizingitini. Hata watoto walijua.

Sasa siku moja Mwatumu katoka kisimani. Huko kisimani kasikia kwamba mke wa mpiga zumari amerudishwa kwao, na aliyemrudisha si mume, ni mama mkwe. Nawaulizeni, habari kama hiyo mtu ataiweka wapi? Mimi ningekimbia, na yeye alikimbia. Aliingia ghalani kuchota mtama wa uji mbio mbio, awahi kwa jirani. Hakupiga makofi. Akautupa mlango nyuma yake, na mlango ukabana ncha ya mkia wa Mkufu.

Jeraha lilikuwa dogo. Ngozi ilichubuka kiasi cha ukucha wa kidole gumba, damu matone mawili, basi.

Mwatumu alilia, maana alimpenda. Msije mkasema hakumpenda. Akamwita Kenge. Msicheke, Kenge huyo alikuwa mganga, na mikia aliijua vizuri kwa kuwa wake mwenyewe ulishakatika nusu.

Kenge akautazama mkia huku na huku. Akasema si kitu, ni sawa na mtoto aliyejikwaa. Amwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, apake asali, amlaze mahali pakavu, asimlishe mpaka apone. Kisha akamshika Mwatumu mkono.

"Sikiliza hili, mama. Ukifunga kitambaa, kidole chako cha mwisho kipite chini yake. Na kila asubuhi ukifungue, uoshe, umwache apate hewa, ndipo ufunge upya. Siku ya saba nitarudi."

Kazi rahisi, au siyo? Mwatumu akaosha, akapaka asali. Kitambaa kizuri hakuwa nacho, akafungua sanduku, akatoa kisutu chake cha harusi, akachana ukanda mmoja. Akamfunga Mkufu, na fundo likakaa kama ua. Kidole chake cha mwisho kilipita. Mpaka hapo hakukosea.

Kosa lilianza walipokuja wa kumjulia hali. Mwanamke mmoja akasema hajapata kuona mgonjwa aliyefungwa nguo ya harusi. Mwingine akasema hata marehemu hakuuguzwa hivyo. Mwatumu akawakaribisha mkekani, akawapikia, akaeleza kisa tangu mwanzo. Ile sehemu ya kutopiga makofi akairuka.

Asubuhi ya kwanza Mkufu akaimba kutoka ghalani:

*Mama Mishi, nilegezee,*
*mkia wangu unauma,*
*nilegezee nipumue.*

Mwatumu akaenda, akashika fundo alifungue. Mara akasikia hodi mlangoni. Bi Panya huyo, kajitanda ushungi mpaka machoni, mkononi punje tatu za mtama kwenye jani. Sijui nani asiyejua zilikoibwa.

Bi Panya akasema ugomvi ni ugomvi, lakini ugonjwa ni ugonjwa, amekuja kumpa pole jirani. Hakuingia, alisimama nje ya kizingiti. Akakitazama kitambaa, akatikisa kichwa.

"Usilifungue fundo kama hilo, dada yangu. Wanawake wa ng'ambo ya kijito wako njiani, wanakuja kuliona. Tena limelegea upande. Likianguka mbele yao watakusema hujui kuuguza. Likaze kidogo."

Mwatumu akalikaza. Wageni wakaja, wakasifu, wakala, wakaenda.

Asubuhi ya pili Mkufu akaimba:

*Mama Mishi, nilegezee,*
*mkia wangu unawaka moto,*
*nilegezee nipumue.*

Mwatumu akaenda, akashika fundo. Bi Panya akapiga hodi. Siku hiyo alikanyaga kizingiti. Akasema amesikia mke wa jumbe mwenyewe anakuja, na kitambaa kimejikunja, aibu. Mwatumu akamwambia Mkufu, "Vumilia mwanangu, wakubwa wanakuja kukuona." Akalikaza tena. Kidole chake hakikupita, wala ukucha haukupita.

Asubuhi ya tatu Mkufu hakuimba. Mwatumu akaenda mwenyewe kumwuliza vipi.

"Leo hauumi, mama," Mkufu akasema. "Sijui hata kama ninao."

Mwatumu, maskini, akapiga vigelegele. Akatoka akatangaza kwamba mgonjwa amepona, maumivu hana. Naye Bi Panya aliposikia akaja mara moja. Siku hiyo aliingia ndani. Akapita juu ya mtama, akafika mkiani, akaung'ata mkia kidogo kama anayeonja mchuzi. Mkia haukutikisika. Bi Panya akampongeza Mwatumu kwa uuguzaji wake, akasema asiguse tena kitambaa, asije akaharibu kilichokwisha kupona. Akaenda zake kuwaambia ndugu zake wanoe meno.

Siku ya saba Kenge akarudi. Aliinusa harufu tangu uani. Akakata fundo kwa meno, kwa sababu halikuwa la kufunguka. Chini yake mkia ulikuwa mweusi kama kaa la jikoni, na weusi umeshapanda mwilini kiasi cha mkono mzima.

Kenge hakupandisha sauti. Akasema mkia huu ulikufa siku ya tatu, na mwenyewe anaufuata. Akaosha mikono, akaondoka, wala hakungoja chai.

Mwatumu akakiweka kichwa cha Mkufu mapajani.

"Mama," Mkufu akasema, "uliniuguza mbele ya watu. Siku ambayo tungekuwa mimi na wewe tu, ungenisikia."

Akafa jioni ile. Mwatumu akamzika nyuma ya ghala, na aliyelia kwa sauti kubwa mazikoni alikuwa Bi Panya.

Kesho yake, mchana kweupe, panya waliingia. Siku ya kwanza walikula mtama wa juu. Siku ya pili wakala wa chini. Siku ya tatu wakala mbegu, wakaguguna vikapu, wakaingia chumbani, wakafungua sanduku kwa meno na kukila kile kisutu chote kilichobaki. Mwatumu alipiga makofi ghalani, pa, pa, pa. Hakuna aliyejivuta.

Na mvua zilikuwa mbali bado. Mwatumu akambeba Mishi, akaenda kwa wale waliomsifu. Wa kwanza alimpa kikombe cha unga, na wala hakuwa na vikombe viwili. Wa pili alisema naye ana watoto wake. Wa tatu alizungumza kutoka ndani bila kufungua mlango. Nyuma yake wakanong'ona kwamba mwanamke yule aliua chatu wake kwa kupenda wageni. Ndiyo, wale wale waliokuwa wageni. Nami ndiyo hayo ninayowasimulia, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Mishi alikula majani siku nane. Siku ya tisa hakuamka.

Jirani wa kikombe cha unga ndiye aliyeleta bafta nyeupe, ikatosha kumfunika mtoto tu, haikubaki ya kuchana kamba za kufungia sanda. Mwatumu akazunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kufungia. Hapakuwa na uzi. Panya walikuwa wamekula hata kamba za kitanda. Kitambaa kimoja tu hawakukigusa, kwa sababu kilinuka chatu. Kilikuwa sakafuni ghalani, pale Kenge alipokiangusha.

Akakifua, akakichana vipande vitatu, akamfunga mwanawe kichwani, kiunoni na miguuni. Safari hii alifunga kwa kulegeza. Kila fundo alilipima kwa kidole chake cha mwisho, nacho kikapita. Na hakumwita mtu yeyote kuja kuona.

Basi, wajukuu. Ukimuuguza mtu, msikilize yeye anayeumwa, usiwasikilize wanaokutazama ukiuguza. Na yule anayekusifu sana, mwangalie miguu yake, jana ilikanyaga wapi, na leo imekanyaga wapi.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye kuitaka aibebe, aliyeiona nzito aiache mlangoni kwangu. Na akitoka apige makofi kwanza.