Siku Luhende Alipopita Njia ya Ng'ombe Wake

Luhende alikuwa na ng'ombe mia moja na saba. Aliwapenda wote, lakini hakuwajua.

Alikuwa mtu mzito kijijini, ambaye akisema barazani watu hunyamaza. Josho lililokuwa kando ya zizi lake alilichimba kwa jembe yeye na marehemu baba yake. Ukitoka zizini uliingia kwenye ujia mwembamba uliozungushiwa miti, upana wa ng'ombe mmoja, na mwisho wa ujia palikuwa na shimo refu la maji yaliyotiwa dawa ya kupe. Ng'ombe alipaswa kujitosa, kuogelea, kisha kutokea ng'ambo akiwa salama. Hayo yalikuwa maneno. Kila mwaka kazi yenyewe ilikuwa vita.

Mwaka ule ndigana iliingia kijiji cha jirani. Huo ni ugonjwa unaoletwa na kupe: ndama huvimba tezi chini ya masikio, huacha kunyonya, huhema kama aliyekimbizwa, kisha hulala asiamke. Bwana mifugo alipita nyumba kwa nyumba akionya kwamba atakayechelewa kuogesha mifugo yake wiki ile asije akamlaumu mtu.

Luhende akawaita wanawe wanne, wote watu wazima. Wawili aliwaweka nyuma ya kundi na fimbo, wawili akawaweka mbele, pale kwenye mdomo wa josho, nao na fimbo zao. Siku ya kwanza wakapita ng'ombe sita. Siku ya pili wakapita watano, na mtamba mmoja akaruka ili avuke miti, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe pale pale. Waliosalia wakarudi zizini wakikanyagana. Luhende alisema kwamba ng'ombe wamekuwa na kiburi kama watu wa siku hizi.

Siku ya tatu walianza mapema, jua likiwa bado jekundu. Aliyetangulizwa ni jike mwekundu, mama wa nusu ya zizi lile. Alikwenda vizuri hadi hatua chache kutoka majini, akasimama. Walipiga kelele, hakusogea. Luhende mwenyewe akashika fimbo, akampiga mgongoni, akampiga tena, mpaka fimbo ikakatika. Yule ng'ombe hakurusha teke. Alikunja miguu akalala chini, akashusha pumzi ndefu.

Luhende akabaki na kipande cha fimbo mkononi. Aliona kwamba hasira imemwishia na hana kingine. Majirani walikuwa wamejaa uani, nao wameleta mifugo yao, wakisubiri zamu ambayo haikuonekana kufika.

Palikuwa na mjane aliyekamua maziwa katika nyumba ile, jina lake Nkwimba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuna aliyewahi kumwuliza lolote kuhusu ng'ombe, ingawa ndiye aliyewagusa kila siku. Akasogea kwenye miti, akauliza kwa upole kama mzee amewahi kuipita njia ile. Luhende akajibu kwa ukali kwamba njia ile aliijenga kwa mikono yake.

"Kuijenga najua, mzee," akasema Nkwimba. "Nauliza kuipita."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Luhende akavua kofia, akavua viatu, akasubiri yule jike mwekundu arudishwe zizini. Mwanawe mkubwa alipoelewa anachotaka kufanya, alimshika bega akamsihi asijiaibishe mbele za watu. Luhende akautoa ule mkono. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka viganja chini, akaingia ujiani kwa miguu minne.

Hatua ya pili tu akateleza, kidevu kikagonga udongo. Sakafu aliyoiona ngumu miaka yote ilikuwa laini kama sabuni. Akaendelea. Jua la asubuhi lilikuwa mbele yake, likamchoma macho hata asione anakokwenda. Mabati yaliyozuia maji kuruka yalikuwa yamelegea upande mmoja. Kila upepo ulipovuma yalipiga kelele na kumulika kama panga. Kutoka nyuma alisikia sauti za watu asioweza kuwaona. Mbele yake, juu ya kichwa chake, walisimama wanaume wawili wenye fimbo. Walikuwa wanawe aliowazaa, lakini kutoka pale chini hakuwatambua. Na kati yao palikuwa na shimo jeusi lisilo na mwisho.

Luhende aliyajua yale maji. Alijua kina chake kwa pima, alijua dawa iliyomo, alijua kwamba yanaponya. Hata hivyo hakuweza kusogea mbele. Alisimama mahali pale pale waliposimama ng'ombe wote.

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umejaa tope na machozi, na hakuyafuta. Aliwaambia watu kwamba siku zote aliwasukuma ng'ombe kutoka nyuma huku akiwazuia mbele, halafu akawapiga kwa kutojua waende wapi.

Kisha akaanza kutoa amri, na sauti yake ilikuwa nyingine. Mabati yang'olewe. Changarawe imwagwe sakafuni. Wanawe waweke fimbo chini na waondoke mbele. Ng'ombe wapelekwe kivulini wapumzike, wanywe maji washibe, maana mwenye kiu akiingia joshoni huinywa dawa akafa. Watu wakafanya, wengine kwa shaka. Jua likapanda utosini, vivuli vikajikunja chini ya miguu.

Ndipo Luhende akamwomba Nkwimba aongoze. Mama yule hakusimama nyuma, mahali ambapo ng'ombe hamwoni mtu. Alitembea nje ya miti, sambamba na bega la jike mwekundu, akimwimbia wimbo ule ule wa kukamulia. Jike akafika kwenye mdomo wa maji. Akainamisha kichwa, akanusa. Wakamwacha anuse mpaka alipotosheka. Kisha akajitosa, akaogelea, akatokea ng'ambo, akajitikisa maji yakaruka pande zote.

Wa pili akamfuata, na wa tatu, na wa kumi, wakaenda kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Tisini na tano waliokuwa wamebaki walipita bila fimbo na bila mguu uliovunjika. Alipotoka wa mwisho, ndama mwenye doa jeupe, wanawake wakapiga vigelegele, na majirani waliokuwa wakisubiri zamu wakakimbilia mifugo yao. Kabla jua halijashuka, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wameoga. Luhende alisimama pembeni akilowa kwa maji yao, akicheka peke yake kama aliyeoa jana.

Ndigana ilikuja mwezi ule, ikazunguka, ikapita. Katika zizi la Luhende haikuchukua hata ndama mmoja. Na barazani, akiletewa mtu aliyeshtakiwa kwa ukaidi, Luhende alikuwa wa kwanza kuomba aonyeshwe njia aliyopitishwa mtu yule.

Nanyi wanafunzi wa tiba ya mifugo, ambao kesho mtatoka hapa chuoni na sindano mkononi na cheti mfukoni, mtakutana na mnyama aliyesimama asiyetaka kwenda. Je, mtatafuta fimbo, au mtapiga magoti mwone anachokiona?