Ndoo Nyekundu Mlangoni mwa Jiko

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee ambaye miguu yake haikumbeba tena. Mtu huyo aliitwa Masunga, fundi baiskeli, na chumba cha mama yake kilipakana na jiko. Mkewe, Kabula, alikaanga maandazi kila asubuhi, na jambo hilo lilimtia Masunga hofu ya moto. Basi alikwenda mtoni, akachota mchanga, akauchekecha, akauanika siku mbili, akajaza ndoo kubwa. Aliipaka ndoo rangi nyekundu, akaifunika ili kuku wasichakure, akaiweka mlangoni mwa jiko. Akawaeleza watu wa nyumbani kwamba mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, yanafukiwa kwa mchanga. Wote walielewa. Mpaka hapo sina wa kumlaumu.

Lakini mchanga mkavu uliochekechwa unatamanisha. Kabula alichota bakuli moja asugulie masufuria. Milembe, dada yake Masunga, alichota mabakuli mawili akaangie karanga, maana kwao karanga hukaangwa ndani ya mchanga wa moto ili zisiungue. Alisema ukipoa ataurudisha, kisha ukabaki chunguni wiki nzima. Masunga mwenyewe alichota wa kuchanganya na saruji, akaziba ufa ukutani. Kila mmoja alikusudia kujaza kesho, na wala hakuwa anadanganya. Kila mmoja alirudisha kifuniko vizuri, kwa sababu ya kuku. Waliopita hapo waliiona ndoo nyekundu, wakatulia.

Asubuhi moja mafuta ya karai yalishika moto. Kabula hakupapatika. Alikumbuka alivyofundishwa, akakimbilia ndoo, akafunua. Ndani mlikuwa na mchanga wa kujaza viganja viwili na maganda ya karanga. Aliurusha wote, moto haukusikia. Milembe, kwa woga, akamwaga maji, na mafuta yakaruka hadi kwenye nyasi za paa. Masunga alimkuta mama yake akijivuta sakafuni kwa mikono, moshi umemfunika. Alimtoa akiwa hai. Nyumba haikupona, wala mkono wa kulia wa mama, ambao hadi leo haukunjuki. Nami kila nikiukumbuka mkono huo moyo unaniuma, kwa sababu ndoo ilikuwepo.

Jioni yake, wakiwa wamehifadhiwa kwa jirani, Masunga alianza kuuliza ni nani aliyemaliza mchanga. Kabula alisema alichota bakuli moja tu. Milembe alisema yeye ni mawili, tena alikuwa arudishe. Yalikuwa ya kweli. Masunga akapandisha sauti, akitaka apatikane mwenye kosa, na juu ya ule ufa wake hakusema neno.

Mama yake, mkono umefungwa kitambaa, akamwambia, "Mwanangu, acha kuwauliza wenzako. Karanga zile hata mimi nilizila."



Ninyi mnaonisikiliza, najua kila mmoja wenu ana ndoo yake mlangoni, na imepakwa rangi nzuri. Mara ya mwisho uliinua kifuniko lini?