Buluu ya Mama Pacha

Wahenga waliosema "kawia ufike" hawakuwa wakiwatetea wavivu. Mvivu hukawia na asifike. Walimsifu mtu anayejua aendako, akakubali kuchekwa njiani maadamu hajageuka nyuma. Mtu wa namna hiyo alikuwa Mama Pacha.

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, Mama Pacha hakuwahi kuchagua hata pazia katika nyumba yake. Mchaguzi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mwenye moyo mweupe na ulimi usiojua likizo. Wifi alipenda krimu. Kuta zilikuwa krimu, viti krimu, hata zulia la kufutia miguu mlangoni lilikuwa krimu mpaka matope yalipolihurumia. Mama Pacha alimeza yote hayo kimyakimya, kama mtu anayemeza dawa.

Mwaka huo akaomba jambo moja tu: chumba cha kulia kipakwe buluu iliyokoza kama wino. Mumewe alikubali kwa sharti.

"Mama anakuja Jumamosi kula nasi," alisema. "Ijumaa jioni nikiona hapaeleweki, tunarudisha krimu, na mambo ya nyumba tunamwachia dada."

Mama Pacha alielewa vizuri. Akishindwa hapa, hataulizwa tena kitu katika nyumba hiyo.

Jumatatu fundi akaja, mwanamke mwembamba mwenye madoa ya rangi hadi kwenye nyusi, akapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi. Lo, ukuta ulitoka mabaka mabaka, krimu ya zamani ikichungulia hapa na pale, mithili ya sare ya shule iliyomwagikiwa jiki.

Wifi hakukawia kufika. Jumanne asubuhi alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wifi yangu, humu mtakula au mtajificha?"

"Bado, wifi. Huu ni mkono wa kwanza."

"Kama wa kwanza ndio huu, wa tatu si utazima jua?"

Mchana alirudi na ndoo ya rangi ya krimu, akaitua barazani. "Ukichoka, dawa yako hii hapa," akasema, akaondoka akiwapigia simu ndugu kuwaambia kwamba Jumamosi watakula pangoni.

Mama Pacha alimwita fundi papo hapo. "Paka mkono wa pili sasa hivi, na wa tatu jioni. Nataka kuwafunga watu midomo."

Fundi aligusa ukuta kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Dada, rangi iliyokoza ukiipandishia ikiwa bado mbichi, itabanduka kama ganda la kiazi. Kila mkono unataka siku mbili. Mimi naweza kuharakisha, lakini ukuta haunisikii."

Mama Pacha aliitazama ile ndoo barazani. Kisha alifunga mlango wa chumba cha kulia, ufunguo akautia mfukoni.

"Basi tukutane kesho," akasema.

Jumatano mkono wa pili ukapakwa. Mumewe alichungulia, akaona kiza, akaguna. Mama Pacha aliogopa kweli, lakini hakubadili neno. Ijumaa asubuhi fundi akamaliza mkono wa tatu, na jioni akaitoa ile taa nyeupe iliyofanya kila sahani ionekane ya hospitali, akaweka ya manjano juu ya meza.

Mume aliingia na uso wa hakimu. Ukuta ulikuwa umetulia, laini, bila baka hata moja. Meza kuukuu ya mbao iling'aa kama imetoka kwa seremala siku hiyo. Akavuta kiti, akakaa.

"Chakula kiko wapi?" akauliza.

Kilikuwa bado hakijaiva. Alikaa hivyo hivyo akikisubiri.

Jumamosi hakuna aliyehamia kwenye televisheni na sahani yake, hata wanawe pacha waliozoea kula huko. Mama mkwe alizungusha macho taratibu.

"Nani kachagua rangi hii?"

"Mimi, mama."

"Basi mwanangu, chumba changu cha kulala utanichagulia wewe."

Wifi alitafuta kasoro mpaka akainua macho juu. "Lakini dari mmeisahau. Imefifia."

"Hatujaisahau, wifi," alijibu Mama Pacha kwa upole. "Dari inataka krimu. Ndoo yako ipo barazani, nimekutunzia."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka glasi chini. Wifi alijaribu kununa, ikashindikana, akacheka naye. Baadaye alimvuta Mama Pacha jikoni.

"Huyo fundi wako ana nafasi?"

"Nafasi anayo. Haraka ndiyo hana."

Mama Pacha alirudi mezani, akaketi kwenye kiti cha katikati, buluu yake ikimzunguka pande zote, moyo ukimjaa furaha isiyo na mfano. Alichekwa siku tano, hakugeuka nyuma, na amefika. Ama kweli, kawia ufike.